Kongo Imo Ndani ya Hadithi Zao za Kutisha

Tulikuwa watano chumbani, Jumamosi jioni. Bukari ilikuwa imekwisha, na simu ya mwenzetu tulikuwa tumeiweka ndani ya bakuli tupu ili sauti itoke kubwa kidogo. Tulikuwa tunasikiliza podikasti ya Wamarekani wawili wanaosoma hadithi za kutisha, moja baada ya nyingine, na kuzijadili. Siku hiyo zamu ilikuwa ya hadithi ambamo Mwingereza wa ukoo mkubwa anagundua kwamba mama wa mababu zake, aliyeletwa kutoka Kongo, hakuwa binadamu bali nyani mweupe. Anajimwagia mafuta na kujichoma moto. Rafiki yetu mmoja wa Idara ya Kifaransa aliinuka, akavaa viatu, akasema: "Miye siwezi kucheka hii." Akaenda zake. Hajarudi mezani petu hadi leo, ijapokuwa tunasalimiana vizuri tu kwenye korido.

Naandika makala hii kwa sababu yake. Naona alikuwa na haki ya kuondoka. Naona pia kwamba sisi tuliobaki hatukukosea, na mambo haya mawili ni magumu kuyashika pamoja, hasa katika fakulte kama yetu ambako fasihi pendwa huhesabiwa kuwa chakula cha watoto.

Nieleze kwanza jinsi nilivyoingia katika mchezo huu, maana wengine watafikiri ni ulevi wa watu wenye pesa. Ni kinyume. Filamu moja ya zamani hula mega 700 na zaidi. Saa nzima ya mazungumzo yaliyobanwa vizuri haifiki mega 30. Unaishusha usiku, unaisikiliza mchana ukiwa kwenye foleni ya maji, au umeme ukiwa umekatika na simu imebaki na asilimia ishirini. Ndivyo nilivyozijua filamu nyingi za kutisha kabla sijaziona: kwa masikio. Nosferatu ya mwaka 1922 niliifahamu picha kwa picha, kile kivuli cha mkono kinachopanda ngazi, kutokana na watu waliokuwa wakibishana juu yake. Ni filamu isiyo na sauti, nami niliipenda kwa njia ya sauti! Hapo pia ndipo nilipojifunza kwamba mjane wa Bram Stoker aliwashtaki watengenezaji kwa kuchukua Dracula bila ruhusa, na mahakama ikaamuru nakala zote ziteketezwe. Zilizotufikia ni zile zilizokwepa amri hiyo.

Utamu wa podikasti hizi hautokani na usomi. Ni watu wanaokipenda kitu, na kwa kuwa wanakipenda wanakigombeza. Wanacheka pale mwandishi anaporundika vivumishi vitano juu ya nomino moja. Wanarudi nyuma kusema walikosea wiki iliyopita. Mmoja anatetea filamu mbovu kwa saa nzima kwa sababu tu aliiona akiwa na miaka kumi. Katika ukumbi wetu wa masomo sijawahi kumsikia mtu akisema kwamba kitabu cha programu kinamchosha, na kwa nini kinamchosha. Tunanukuu, tunapewa alama, tunatoka.

Halafu kuna michezo. Podikasti hizi hukaa jirani na michezo ya kuvaa uhusika, ile ambayo watu huketi mezani na kutunga hadithi pamoja, kila mmoja akisema nafsi yake inafanya nini, na dadu zikaamua kama imefaulu. Sisi tunacheza Call of Cthulhu, uliotungwa na Sandy Petersen na kutolewa mwaka 1981. Kanuni fupi za kuanzia hutolewa bure na wachapishaji. Tulizichapisha kwa mtu wa fotokopi, zikatoka zimepinda upande mmoja. Dadu za pande kumi hatuna. Tuna vikombe viwili vyenye vipande vya karatasi, sifuri hadi tisa: kimoja cha makumi, kimoja cha mamoja. Uzuri wa mchezo huu ni kwamba wewe si shujaa. Wewe ni mkutubi, daktari, mwandishi wa gazeti, na akili yako timamu ina hesabu yake. Kila unapoona jambo lisilopaswa kuonekana, hesabu hupungua. Mtu anayejua mengi mno hawezi tena kuishi kama wengine. Nani kati yetu aliyesoma historia ya nchi hii atasema kanuni hiyo ni ya kitoto?

Na hapa ndipo penye mwiba. Mchezo wenyewe umejengwa juu ya hadithi za H. P. Lovecraft wa Providence, Marekani, aliyezaliwa 1890 na kufariki 1937, ambaye hakukanyaga Afrika hata siku moja. Alikuwa mbaguzi wa rangi waziwazi, na woga wake wa watu wengine haukubaki pembeni mwa kazi yake. Mara nyingi ndio injini yake. Ile hadithi iliyomwondoa rafiki yetu inaitwa kwa jina la Arthur Jermyn, aliiandika mwaka 1920. Nimeisoma mara tatu sasa. Kinachonikaa kooni ni jambo dogo kuliko nyani. Ndani yake yumo Mbelgiji mmoja, wakala wa kituo cha biashara hapa Kongo, mtu mwungwana anayeandika barua na kutafuta maiti ya kale iliyokaushwa kwa niaba ya Mwingereza msomi. Matukio hayo yamewekwa kama mwaka 1912. Miaka minne tu ilikuwa imepita tangu nchi itolewe mikononi mwa Leopold na kukabidhiwa serikali ya Ubelgiji, na picha za watu waliokatwa mikono kwa ajili ya mpira zilikuwa zimekwisha kuonyeshwa Ulaya na Marekani. Mwandishi wa kutisha anatafuta jambo la kutisha Kongo, na kati ya yote yaliyokuwapo, anachagua kubuni nyani mweupe.

Desemba ya mwaka huohuo wa 1920 aliandika hadithi nyingine, ya mzee wa kijijini New England anayefungua kitabu cha kale kuhusu Kongo kila mara kwenye ukurasa uleule: picha ya bucha la nyama ya watu. Kitabu hicho kipo kweli. Ni cha Filippo Pigafetta, aliyeandika masimulizi ya Mreno Duarte Lopes, kikatoka kwa Kiitalia mwaka 1591, kisha kwa Kilatini huko Frankfurt mwaka 1598, na michoro ya ndugu wa ukoo wa De Bry. Hao De Bry hawakufika Kongo. Lovecraft naye hakukiona kitabu. Watafiti wa kazi zake wamefuatilia na kukuta kwamba alikichota kutoka kwa Thomas Huxley, mwanasayansi wa Kiingereza, katika kitabu chake cha mwaka 1863. Mtu ambaye hakuona anamnukuu mtu ambaye hakuona, aliyetazama mchoro wa mtu ambaye hakuona. Mlolongo huo wote nilianza kuufuata kwa kusikiliza podikasti, wala si darasani.

Kwa hiyo ninapoulizwa kwa nini naendelea kusikiliza, jibu langu la kwanza ni hilo. Hadithi ile ukiisoma peke yako usiku, inakutukana na huna wa kumjibu. Ukiisikiliza pamoja na watu wanaoijadili, wanaosimama katikati na kusema hapa mwandishi anaonyesha ugonjwa wake, hali inabadilika. Sisemi wanajadili vya kutosha. Mara nyingi hupita haraka mahali ambapo mimi ningetaka wakae. Podikasti moja ya Uingereza inayopendwa sana na wachezaji imechukua jina la Jackson Elias, mtu wa kubuniwa katika kisa kikubwa cha mchezo huu kilichochapwa mwaka 1984. Sehemu moja ya kisa hicho hutokea Kenya. (Kwetu Lubumbashi, Kenya ni komini, na mara ya kwanza tulidhani mapepo yanatafutwa karibu na soko.) Humo Wanandi wananyongwa kwa mauaji ambayo si yao, na bado madhehebu ya damu yako palepale mlimani, tena ni ya Waafrika. Kila mwandishi akijaribu kurekebisha, mlima unabaki.

Jibu la pili ni kwamba wako waliokaa mezani badala ya kuondoka, na wakaigeuza meza. Nnedi Okorafor alipata Tuzo ya World Fantasy mwaka 2011 kwa riwaya yake, na zawadi yenyewe ilikuwa sanamu ya kichwa cha Lovecraft. Akaandika wazi jinsi ilivyo kuweka kichwa hicho nyumbani kwako ukiwa mwanamke mweusi. Mwaka 2015 ikatangazwa kwamba sanamu hiyo haitatumika tena. Victor LaValle, Mmarekani mweusi, alichukua mojawapo ya hadithi chafu kabisa za Lovecraft, akaisimulia upya mwaka 2016 kutoka upande wa kijana mweusi wa Harlem. Rafiki yangu ataniambia: hao ni Wamarekani, au wanaishi Marekani, wana wachapishaji. Ni kweli. Sina jibu zuri kwa hilo.

Lakini angalia neno zombi. Kila podikasti ya filamu za zamani itafika tu kwenye White Zombie ya mwaka 1932, ile ya Bela Lugosi, na mtangazaji atasema kwa sentensi moja kwamba neno limetoka Haiti, na kabla ya hapo Afrika. Kisha anaendelea na taa na kamera. Sentensi hiyo moja ni kazi ya idara yetu nzima! Wanaisimu wanalipeleka neno hilo kwenye lugha za upande wa magharibi wa nchi hii na Angola. Wengine wanataja nzambi, wengine nvumbi, mfu. Watu waliobebwa melini ndio waliolivusha bahari. Na zombi wa Haiti si yule mla nyama tuliyezoea baada ya George Romero mwaka 1968. Ni mtu ambaye hata kifo hakikumtoa shambani. Anafufuliwa ili afanye kazi ya miwa bila mshahara. Filamu ile ilitoka Wamarekani wakiwa bado wameikalia Haiti kijeshi, tangu 1915 hadi 1934. Waoga walikuwa wepi hapo, na walimwogopa nani?

Nilipokuwa mdogo, kambo yangu hakuturuhusu kutoka giza likiingia. "Batumbula beko," alikuwa akisema, na tulikimbilia ndani. Kila mtu wa Katanga mwenye wazee anaijua habari hiyo: zamani za Wabelgiji, watu waliokamatwa usiku na Waafrika wenzao waliotumwa na wazungu, wakatoweka, wakaliwa. Kutumbua ni kupasua tumbo. Neno lenyewe linaeleza. Rik Ceyssens aliyaandika hayo mwaka 1975, na Luise White akayarudia katika kitabu chake cha mwaka 2000 kuhusu uvumi wa wanyonya damu katika Afrika ya kikoloni. Weka picha mbili pamoja. Frankfurt mwaka 1598, wanachora bucha la Kongo. Katanga ya wakoloni, watu wa Kongo wananong'onezana kwamba bucha ni la mzungu. Mimi naona masimulizi ya kambo ndiyo yaliyokaribia ukweli zaidi, kwa sababu yalisemwa na watu waliojua ni miili ya nani iliyokuwa ikitumika migodini.

Nilipendekeza jambo hili kwa TFC yangu. Mwalimu mmoja alinirudishia karatasi na kuniambia nitafute mada ya fasihi. Sikukasirika sana, najua alilelewa hivyo, na waliomlea walilelewa hivyo. Lakini nauliza fakulte: kama mzee wa New England na bucha lake anasomwa katika vyuo vikuu vya ng'ambo, na kuna watu wanaomjadili kwa saa nzima kila wiki bila aibu, kambo yangu alikosa nini? Hatuhitaji kamera wala bajeti. Simu, bakuli, na watu wawili wanaojua kubishana bila kununiana. Kwa Kiswahili cha hapa, si kile cha kuvaa tai.

Sisi wanne tumeanza. Tumerekodi mara mbili. Mara ya kwanza jenereta ya jirani ilitumeza kabisa, ya pili inasikika ukivumilia. Na tumetunga kisa chetu cha kucheza: Elisabethville, mwaka 1943, boi mmoja hajarudi kutoka kwa bwana wake, na wapelelezi ni fundi cherehani, karani, muuguzi na mama muuza maandazi. Mashine ni ileile ya Petersen, vikombe ni vilevile, hesabu ya akili inapungua vilevile.

Nilimpelekea rafiki yetu wa Idara ya Kifaransa kurasa hizo kwa simu. Alikaa siku nne bila kujibu. Kisha akaandika swali moja tu: nani atacheza mzungu? Hatujakubaliana bado. Jumamosi tutajadili, na kiti chake tumekiacha palepale.