Kichocho hakitoki kwa kufaulu mtihani

KUTOKA MWALONI
Na Bwire Magesa

Mwanafunzi wa sekondari katika kata ya Suguti, Musoma Vijijini, hahitaji kitabu ili amwone konokono anayebeba kichocho. Yupo ziwani, kwenye matete na majani yaliyooza, pale pale akina mama wanapofulia na watoto wanapooga jua likiwa utosini. Lakini kwenye daftari la Baiolojia konokono huyo ni mchoro tu: mshale unaingia, mshale unatoka, alama zinatolewa.

Sina ugomvi na walimu. Darasa limejaa na mtihani wa Taifa haumsubiri mtu. Ugomvi wangu ni na sisi watu wazima tunaodhani kwamba mtoto akishajua, ugonjwa umekwisha. Mtoto wa Suguti anajua. Kaanza kusikia habari za kichocho shule ya msingi kwa Kiswahili, akaja kukutana nazo tena sekondari kwa Kiingereza. Akitoka darasani anachukua ndoo na kuingia majini mpaka magotini, kwa sababu nyumbani wanasubiri maji.

Hebu tuusome mchoro wenyewe. Kichocho cha tumbo, ambacho ndicho kimetawala ufukwe wa Ziwa Victoria, huanzia kwenye kinyesi chenye mayai. Yai likifika majini huanguliwa, na kiluwiluwi kinachotoka kina saa chache tu za kumpata konokono, la sivyo kinakufa. Kikimpata, huzaliana ndani yake kwa wiki kadhaa, kisha mchana wa jua konokono anaanza kumwaga maelfu ya viluwiluwi vingine, ndivyo vinavyoitwa sekaria. Hivi hupenya ngozi ya binadamu kwa dakika chache, bila maumivu ya kumshtua mtu. Minyoo ikishakomaa hukaa kwenye mishipa ya damu ya utumbo kwa miaka, ikitaga. Mayai yanayokwama mwilini ndiyo yanayoharibu ini na kuvimbisha tumbo.

Swali ambalo mtihani hauulizi ni hili: mnyororo huu tuukate wapi?

Shuleni tumezoea kuukata kwa vidonge. Wanafunzi wanapimwa urefu kwa kijiti, wanapewa prazikwanteli, wanarudi darasani. Dawa hiyo ni nzuri na inaua minyoo iliyokomaa, ila haimkingi mtu na maambukizi mapya. Aliyemeza asubuhi akiingia ziwani wiki inayofuata anaanza upya. Tena mpango wa shuleni unamkosa mvuvi wa dagaa aliye kambini, na unamkosa mdogo wa mwanafunzi anayebebwa mgongoni kwenda kufua. Dawa iliyotengenezwa kwa ajili ya watoto walio chini ya umri wa kwenda shule ilipata ithibati ya Shirika la Afya Duniani mwaka 2024 tu.

Sehemu nyingine ya kukata iko nyumbani kwa kila mwanafunzi. Sekaria ikikosa ngozi hufa ndani ya siku mbili hivi. Maji yaliyotekwa leo, yasiwe na konokono, yakafunikwa kwenye pipa kwa siku mbili kamili, yanaogeka bila hofu ya kichocho. Ya kunywa bado yachemshwe. Hilo ni zoezi la Baiolojia lisilodai maabara wala hadubini. Linadai pipa la pili, na mwalimu wa kusema sababu yake.

Sehemu kubwa kuliko zote, hata hivyo, ni choo. Na hapo mwanafunzi hana uwezo. Shimo la choo kwenye mchanga wa ufukweni hubomoka, na choo cha kudumu mwaloni hugharimu fedha ambazo mtoto wa kidato cha pili hana.

Wajapani walielewa mapema kwamba kumfundisha mtoto peke yake hakutoshi. Mwaka 1913 watafiti wao, Miyairi na Suzuki, walionyesha kwamba kichocho cha kwao kinapitia kwa konokono. Mwaka 1917 mkoa wa Yamanashi ulikwishatoa kijitabu cha picha kwa watoto wa shule. Hawakuishia kwenye kijitabu: waliwaua konokono na kuijengea kwa saruji mifereji ya mashamba, kazi iliyochukua miongo mingi. Mwaka 1996 Yamanashi ilitangaza kwamba kichocho kimekwisha. Kijitabu na saruji vilikwenda pamoja.

Mtaala mpya ulioanza Januari 2024 unasisitiza umahiri, yaani mwanafunzi aweze kutenda. Basi Suguti ianzie hapa. Wanafunzi, bila kugusa maji, wachore ramani ya mwalo wao: wanapoteka, wanapofua, wanapooga, matete yalipo, na choo cha karibu kiko hatua ngapi. Ramani hiyo ibandikwe ofisi ya kijiji, si ukutani darasani peke yake.

Na ninyi wenyeviti wa vijiji, waheshimiwa madiwani, mkutano ujao waiteni wanafunzi hao wawaelezeni ramani yao mbele ya wananchi. Kisha choo cha mwaloni na bomba la maji viingizwe kwenye bajeti, vitajwe kwa jina la kijiji na tarehe ya kukamilika. Mtoto amekwishajibu swali lake. Lililobaki ni lenu.