Kompyuta mbili sawa, madaftari mawili hapana

Kabla UE haijatubana naomba niseme jambo moja linalonikera hapa hosteli. Siku hizi wengi tunaandika matumizi ya bumu kwenye kompyuta, na hilo nalipongeza sana. Kuna wa Excel, kuna wa GnuCash ambayo ni ya bure. Tatizo ni kwamba mtu mmoja anatumia kompyuta tatu: laptopu ya chumbani (mara nyingi ya kuazima), ya maabara, na ya stesheneri pale nje ya geti. Na kila mahali ameacha faili lake. Ukitaka kujua amebakiwa na shilingi ngapi, inabidi kwanza umuulize: kwa kompyuta ipi?

Msimamo wangu ni huu. Faili la hesabu liwe moja tu na litembee na mwenyewe. Kompyuta ziwe hata kumi, sina neno.

Mtazameni Mangi wa dukani. Daftari lake la madeni ni moja. Akitoka anamwachia mdogo wake daftari lile lile. Siku akianza kuwa na mawili, moja dukani na jingine nyumbani, wewe uliyelipa jero lako utadaiwa tena, na yule ambaye hajalipa anapeta tu.

Sasa watu wanadhani programu itawaokoa. Haiwaokoi. GnuCash ukifungua faili inaweka kifaili kidogo pembeni chenye herufi LCK, kama kufuli. Mwingine akijaribu kulifungua faili hilo hilo, anaonywa kwamba lina mtu. Safi kabisa. Lakini kufuli hilo linalinda faili moja lililo sehemu moja. Ukishakopi ukapeleka kwingine, hizo ni nakala mbili zisizojuana, na programu haina kitufe cha kuziunganisha ziwe kitabu kimoja. Utakaa chini ulinganishe mstari kwa mstari.

Msidhani ni jambo dogo. Jamaa mmoja wa hapa alikuwa mtunza hazina wa wenzake wakati wa TP. Walikuwa sita, kila mtu anatoa 40,000 za nyumba. Ijumaa akiwa maabara akaandika kwenye flashi malipo ya watu watatu. Jumapili akafungua nakala ya zamani iliyobaki kwenye laptopu, akaandika wengine wawili na yeye mwenyewe, kisha akaihamishia kwenye flashi. Kompyuta ikauliza kama ibadilishe faili lililopo, akakubali. Basi 120,000 za watu watatu zikafutika kwenye kitabu.

Jioni akawasomea majina ya wadaiwa mbele ya kundi. Mmoja wa hao waliotajwa ndiye aliyewahi kulipa kuliko wote. Hela zilikuwepo kwenye simu, ila zilishachanganyika na bumu lake mwenyewe, kwa hiyo hakuweza kuwaonyesha ipi ni ya nani. Wakaanza kusema amezila. Walipekua meseji za malipo moja moja mpaka usiku wa manane ndipo hesabu ikakaa sawa. Hela ilipatikana yote, lakini mpaka leo wale watu wakipishana kafteria wanaangaliana pembeni. Hawa ni walimu watarajiwa jamani!

Najua kuna watakaosema: weka mtandaoni yaishe. Hapo nakubali nusu. Kama ni hela ya kundi na watu kadhaa wanatakiwa kuandika, tumieni jedwali la Google, limetengenezwa kwa kazi hiyo na kila mtu anaona kilichoandikwa. Lakini faili la GnuCash kulitupia Dropbox halafu ukalifungua kompyuta mbili kwa wakati mmoja, utaishia kupata nakala mbili zinazogombana. Na huduma za watu nazo hufungwa. Microsoft iliacha kuuza Money mwaka 2009. Mint, iliyokuwa na watumiaji wengi sana Marekani, ilifungwa mwaka 2024. Faili lako mwenyewe halifungwi na bosi wa mtu.

Kwa hesabu zako binafsi fanya hivi. Faili likae kwenye flashi na uandike humo humo. Ukimaliza, funga programu kabisa ndipo uchomoe. Usiache chochote maabara wala stesheneri, maana salio lako si tangazo. Flashi hupotea na virusi vipo, kwa hiyo kila Jumapili weka nakala ya akiba sehemu nyingine na uipe jina lenye tarehe. Nakala hiyo ilale tu, usiandike kitu ndani yake mpaka siku ile kuu imekufa. Hakikisha pia programu kwenye kompyuta zote ni toleo moja, maana la zamani linaweza kugoma kufungua faili la jipya.

Wahenga walishasema mshika mbili moja humponyoka. Bumu lenyewe ni mkopo, tutalilipa tukiwa kazini. Angalau tujue lilipokwenda.

Nawasilisha. Mwenye hoja tofauti tukutane kafteria, ila chai kila mtu ajilipie.