Mchezaji Nyota: Nguzo au Mzigo wa Timu?

Miongoni mwa askari na polisi wapendao mpira wa kikapu, kutoka Nabuyoga na Tororo mjini hadi mpakani Busia na Malaba, kuna hoja isiyokwisha: je, mchezaji aliye hodari kupita wenzake huijenga timu yake, au huibomoa? Wapo wasemao kwamba bila yeye timu si kitu. Wapo wadaio kwamba amewageuza wenzake kuwa watazamaji waliovaa jezi. Hoja hii yastahili kupimwa kwa mifano, si kwa makelele.

Kuna michezo ambayo mtu mmoja hutosha. Tarehe 2 Septemba 1972, mjini Munich, John Akii-Bua, askari polisi wa Uganda, alikimbia mita 400 za kuruka viunzi kwa sekunde 47.82, akatwaa nishani ya dhahabu na kuweka rekodi ya dunia. Hakungoja pasi ya mtu. Mpira wa kikapu si hivyo. Uwanjani wamo watano, mpira ni mmoja, na wenye mpira hawana budi kuutupa kikapuni kabla ya sekunde 24 kwisha. Wapinzani wakijua kwamba lazima utamfikia mtu fulani, wawili watamzingira, na mwenzake mmoja atabaki bila mlinzi. Hapo ndipo nyota hupimwa. Akimpasia aliye huru, amewasaidia wote. Aking'ang'ania, amewasaidia wapinzani.

Mwaka 2021 Ishmail Wainright, mzaliwa wa Marekani aliyepewa uraia wa Uganda, aliichezea timu ya taifa katika mashindano ya Afrika mjini Kigali. Uganda iliishinda Nigeria kwa pointi 80 kwa 68, ikaingia robo fainali, hatua ambayo haikuwahi kuifikia. Hakuna awezaye kukana kwamba nyota huyo alisaidia. Hata hivyo, kanuni za mchezo huruhusu timu ya taifa kuwa na mchezaji mmoja tu aliyepata uraia wa namna hiyo baada ya kutimiza miaka 16. Wenzake 11 hawana budi kuwa na uraia huo tangu kabla ya umri huo. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Mpira wa miguu nao una ushahidi. Mwaka 1978, katika mashindano ya Kombe la Afrika nchini Ghana, Uganda ilifika fainali. Philip Omondi alifunga mabao 3, akawa miongoni mwa wafungaji bora. Lakini timu nzima ilifunga 9. Mabao 6 hayakutoka kwake, na bila hayo fainali isingeonekana.

Basi nyota si mzigo kwa kuwa ni hodari. Mzigo huanzia kambini. Huanza siku anapoondolewa katika zamu ya lindo kwa sababu ya mguu wake wa thamani, na mwenzake akakesha mahali pake. Jioni inayofuata, mwenzake huyo hutakiwa kukimbia kwa moyo na kumpasia mpira. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Lakini aliyemsifu kupita kiasi naye ana lawama yake. Kinyongo cha lindoni huingia uwanjani, na huweza kufika hata kazini, ambako askari hutegemea mwenzake kwa jambo kubwa kuliko kikombe.

Zaidi ya hayo, mchezaji wa kikapu akifanya makosa matano hutolewa, na askari hupata uhamisho wakati wowote. Timu iliyojengwa juu ya mtu mmoja hufa siku barua inapofika.

Kwa hiyo walimu wa timu za vikosi wafanye mambo matatu. Kwanza, nyota ashike zamu kama wengine. Pili, akabidhiwe vijana wawili awafundishe ujuzi wake. Tatu, katika kila mchezo apumzishwe dakika chache, na pointi za dakika hizo ziandikwe kando. Huenda timu ikapoteza mchezo mmoja au miwili kwa ajili hiyo. Na ipoteze. Hesabu hiyo, ikifuatwa msimu mzima, itaonyesha kama wenzake wanakua kando yake au wanadumaa kivulini mwake.