Anayesema njiani hakuna kitu ateremke garini

Wiki iliyopita mtangazaji mmoja wa redio, akiwashauri wanaokwenda kupiga kambi Ushongo, alisema raha yote iko ufukweni. Ukishakunja hema, panda gari ulale mpaka Tanga mjini, maana njiani hakuna kitu. Nilizima redio kwa hasira. Kauli hiyo nimeisikia kwa makondakta, kwa shemeji zangu, hata kwa walimu wanaoongoza ziara za shule.

Hakuna kitu? Toka Ushongo, na kabla hujaufikia Mto Pangani utapita Kikogwe. Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 ya mkonge kutoka Florida. Iliyofika hai ilikuwa 62, ikapandwa hapo. Kutokana na miche hiyo yakaja mashamba ya Tanga na Morogoro, na manamba waliotolewa Kigoma, Songea na hata Burundi kuja kukata mkonge. Koo ngapi za Tanga zilianzia hapo? Nawe umelala!

Vuka mto uingie Pangani. Hapa Wajerumani walimnyonga Abushiri bin Salim tarehe 15 Desemba 1889, kwa kuwaongoza watu wa pwani kuwapinga. Watoto wetu wanalikariri jina lake kwa ajili ya mtihani, kisha basi la shule linaukata mji huo bila mtu kuwaambia wako wapi.

Halafu Tongoni, kabla ya Tanga. Kuna msikiti wa karne ya 15 na makaburi kama 40, mengine ya nguzo, nyingi zikiwa zimeanguka. Kwenye maji ya hapo, Januari 1499, Vasco da Gama aliichoma moto meli yake, São Rafael, kwa kuwa kiseyeye kilikuwa kimeua mabaharia wengi mno na waliobaki hawakutosha kuendesha meli tatu. Mimi niliposhuka Tongoni na wanangu, dereva tuliyemkodi alipiga honi mfululizo mpaka tukarudi. Alituuliza tunatafuta nini kwenye magofu.

Utetezi wao ni muda. Muda gani? Hao hao wakiendelea na safari ya Dar, wanasimama Segera saa nzima kungojea chipsi na kuku, na hakuna anayelalamika. Na ni hao wanaotupa chupa za maji dirishani kutoka Pangani mpaka Chalinze. Mtu akishaamini kando ya barabara hakuna kitu, atapageuza jalala bila haya. Ufukwe wanaupiga picha mia, lakini nchi iliyo nyuma ya ufukwe hawaijui.

Walimu mnaopanga ziara za likizo ijayo, nawaomba: simamisheni basi Kikogwe, simamisheni Pangani, simamisheni Tongoni. Watoto wateremke, na dereva alipwe huo muda wa kusubiri.