Anga la Beni na Butembo lilivurugwa: pesa za dira mpya zifike na huku

Mama aliyekimbia Kanyabayonga mwishoni mwa mwezi wa sita 2024, mtoto mgongoni na sufuria kichwani, hakuwa na haja ya kujua habari za satelaiti. Alitaka kujua kama atakuta dawa na chakula mahali atakapofika. Lakini katika vita, madaktari na dawa za haraka mara nyingi husafiri kwa ndege, na siku zile ndege zilikuwa na shida ambayo wengi wa Lubero, Butembo na Beni hawakuelezwa vizuri: GPS ilikuwa inavurugwa.

Wakati huo shirika la OCHA la Umoja wa Mataifa lilieleza kwamba usumbufu huo uligusa Goma, Kanyabayonga, Lubero, Butembo na Beni, na kwamba safari za ndege za misaada zilikuwa hatarini. Kinshasa iliilaumu Rwanda. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa, katika ripoti iliyotoka mwanzoni mwa 2025, nao walilitaja jeshi la Rwanda. Kigali kwa upande wake imekuwa ikisema kwamba hatua zake za mpakani ni za kujilinda tu.

Jambo hili si gumu kulielewa. Satelaiti za GPS ziko juu kilomita elfu 20 hivi, na mawimbi yake yakifika chini yamekwisha kudhoofika sana. Ni kama mtu anayenong'ona ng'ambo ya soko siku ya watu wengi. Mwenye mtambo wa redio juu ya kilima anaweza kupiga kelele hadi mnong'ono usisikike. Anaweza pia kufanya ubaya zaidi: kuiga sauti ile na kuiambia ndege kwamba iko mahali isipokuwepo. Siku ya jua rubani anaona milima kwa macho. Siku ya ukungu wa Lubero, haioni.

Sasa, mwezi mmoja tu kabla Kanyabayonga haijaanguka, katika mwezi wa tano 2024, Uingereza ilitangaza kwamba imejaribu ndani ya ndege, huko Boscombe Down, vifaa vya aina mpya vinavyoitwa vya kwantumu. Kampuni za Infleqtion, BAE Systems na QinetiQ zilishiriki. Ndani ya kifaa kama hicho mna chumba kidogo kisicho na hewa. Mwanga wa leza hupunguza mwendo wa atomu, kwa mfano za rubidi, hadi karibu zisimame. Ndege ikisukumwa au ikigeuka, atomu zile huonyesha imesogea kiasi gani. Kifaa hakiulizi satelaiti kitu, basi hakuna mnong'ono wa kufunikwa. Bado ni majaribio, na vifaa ni vya bei kali, lakini njia imeonekana.

Ndiyo maana serikali za Uingereza, Ulaya, Marekani na Australia zinatoa pesa ili kampuni na vyuo vikuu vishirikiane katika kazi hii. Hazilipii kifaa peke yake. Zinalipia mnyororo mzima: nani atatengeneza leza, nani chumba kisicho na hewa, nani bodi za umeme, ili siku moja zisikwame kwa kumtegemea muuzaji mmoja. Mfanyabiashara wa Butembo anaielewa hesabu hiyo bila darasa. Mzigo wake unatoka Guangzhou, unashuka Mombasa, unavuka Uganda, unapita Kasindi ndipo unafika dukani. Pakikatika mahali pamoja, duka linabaki tupu.

Katika hesabu hiyo, Kivu ya Kaskazini imesahauliwa mara mbili.

Mara ya kwanza ni udongoni. Bodi za umeme, za simu au za vifaa vya ndege, mara nyingi huwa na vipande vidogo vya tantali, madini yanayotoka kwenye koltani. Rubaya, katika Masisi, inakadiriwa kutoa karibu asilimia 15 ya tantali ya dunia. Tangu mwisho wa mwezi wa nne 2024 iko mikononi mwa M23, na wataalamu wa Umoja wa Mataifa walikadiria kwamba kundi hilo lilikuwa likikusanya pale kodi ya dola 800,000 hivi kila mwezi. Basi inawezekana kabisa kwamba dira ya kukwepa uvurugaji wa GPS itajengwa kwa madini yaliyolipia vita ambayo ndani yake GPS ilivurugwa.

Dawa yake si kususia koltani ya Congo. Mwezi wa tisa 2010 serikali ilisimamisha uchimbaji katika Kivu zote mbili na Maniema, na wachimbaji wadogo na familia zao ndio walioumia. Dawa ni anayetoa pesa za mradi kudai karatasi zinazoonyesha madini yametoka shimo gani na yamepita kwa nani. Ulaya ina sheria ya namna hiyo iliyoanza kazi tarehe 1 mwezi wa kwanza 2021. Iwe sharti la kila mkataba, na ikaguliwe kweli.

Mara ya pili ni angani. Watu walioonja hasara ya kupotea kwa GPS hawaitwi mezani. Wengine watasema: watu wanalala chini ya hema, kwa nini kuwazungumzia atomu? Ni swali la haki, na hakuna anayetaka pesa za unga zigeuzwe za leza. Lakini pesa hizi za utafiti zipo tayari na zitatumika. Swali ni kama hata sehemu ndogo itafika Mavivi na Rughenda, viwanja ambavyo umuhimu wake uliongezeka tangu uwanja wa Goma ulipofungwa Januari 2025.

Na zikifika, zisije kwa namna ya sanduku. Mwaka 2020 mradi uliolipwa na Umoja wa Ulaya uliweka juu ya volkano ya Etna, Italia, kipimo cha kwantumu kinachohisi mabadiliko ya uvutano wa dunia magma inaposogea. Mwaka huohuo, msaada wa Benki ya Dunia kwa kituo cha kuchunguza volkano cha Goma ulikwisha, na kwa miezi kadhaa kituo kilikosa hata intaneti ya kupokea taarifa za mitambo yake. Tarehe 22 mwezi wa tano 2021 Nyiragongo ikalipuka. Makumi ya watu walikufa na mamia ya maelfu wakakimbia. Wataalam walikuwepo. Kilichokosekana ni pesa ya kawaida ya kila mwezi.

Kwa hiyo ombi ni dogo na linaeleweka. Wanafunzi wa Université Catholique du Graben ya Butembo na wa UCBC ya Beni wapewe nafasi katika miradi hii, si kubeba masanduku bali kujifunza kupima na kutengeneza. Ndege za misaada ziwe miongoni mwa za kwanza kufaidika teknolojia ikikomaa, kabla au pamoja na zile za kijeshi. Na kila mradi utenge mishahara, umeme na vipuri vya miaka, si vya siku ya kukata utepe.

Wabunge na mashirika ya raia ya Kivu ya Kaskazini wana kazi ya kulipeleka ombi hilo Kinshasa, na kwa mabalozi wanaokuja Beni kupiga picha na wakimbizi wa ndani. Mama wa Kanyabayonga hataomba kifaa cha kwantumu. Ataomba ndege ya dawa itue, hata siku ya ukungu. Ni kitu kilekile.