Excel Haina Ratiba ya Kuhamisha

Mkandarasi akishapata kazi, hazipiti siku nyingi kabla kijana mmoja wa ofisini hajaitwa na kukabidhiwa faili la Excel: "Injinia, lihamishie hili kwenye Project, mshauri anataka ratiba kesho asubuhi." Injinia anafungua programu, anaoanisha safu kwa safu, majina ya kazi kwenye majina, tarehe za kuanza kwenye kuanza, za kumaliza kwenye kumaliza, na muda si mrefu skrini imejaa milia ya buluu. Inachapwa kwenye karatasi ya A3, inagongwa muhuri, inapelekwa. Kuanzia hapo kila kikao kinasema mradi una ratiba.

Kilichopo ni picha ya tarehe alizozitaka bosi. Afadhali zingebaki Excel, ambako hakuna aliyezidhania kuwa hesabu.

Mwaka 1957, Morgan Walker wa DuPont na James Kelley wa Remington Rand walianza kubuni njia ya kupanga miradi ambayo programu hizi zinaitegemea hadi leo. Kompyuta ilipewa mambo mawili: kila kazi inachukua muda gani, na ipi haiwezi kuanza mpaka ipi iishe. Tarehe zilikuwa jibu. Pamoja nazo ulitoka mlolongo wa zile kazi ambazo moja ikichelewa siku moja, mradi mzima unachelewa siku moja. Sisi tunaipa kompyuta jibu, kisha tunaiomba iturudishie jibu lile lile likiwa limechorwa.

Nayo hailipokei hivi hivi. Microsoft Project ikiwa katika hali ya kujipangia yenyewe, tarehe ya kuanza uliyoiingiza inageuka amri: kazi hii isianze kabla ya siku hiyo. Faili lenye kazi 300 linakuwa amri 300. Pembeni mwa kila mstari kinatokea kialama cha kalenda, na hakuna anayejishughulisha nacho. Msingi ukiisha wiki mbili mapema, nguzo hazivutwi. Msingi ukichelewa mwezi, na hakuna kilichounganishwa na kingine, nguzo zinasimama tarehe ile ile, juu ya msingi ambao haupo. Katika hali ya pili, ya kupanga kwa mkono, iliyoletwa na toleo la 2010, programu inachora pini kabisa kando ya kazi. Sijui waliobuni alama ile walitaka waseme vipi tena.

Safu ya muda ndiyo inayodanganya kwa upole zaidi. Kwa Excel, 28 ni 28. Programu inataka kujua ni siku 28 za namna gani, na usipoiambia inajijibu yenyewe: kalenda yake ya kawaida ni Jumatatu hadi Ijumaa, saa 8 kwa siku, na mwezi mmoja kwake ni siku 20 za kazi. Sasa chukua kusubiri zege lifikishe siku 28 ili lipimwe nguvu. Ukiingiza 28, zinahesabiwa siku za kazi, na kuanzia Jumatatu kusubiri huko kunafika siku 38 za kalenda, kana kwamba zege nalo hupumzika wikendi. Papo hapo, mafundi wa saiti nyingi za Dar es Salaam wanapiga kazi Jumamosi, na kalenda hiyo haina habari. Haina habari ya Nane Nane, wala haiwezi kujua mwezi wa Idi utaandama lini. Kusubiri kumerefushwa, wiki ya kazi imefupishwa, yote katika faili moja, bila onyo lolote kwenye skrini. Tarehe 03/04 ikisomwa Kimarekani ikawa Machi 4, hiyo angalau mtu ataiona acheke.

Wapo watakaosema wao wameweka safu ya kazi zinazotangulia. Ni wachache, na namba zao zimeandikwa kufuata namba za mistari. Ongeza mstari mmoja katikati ya Excel, na ile 5 iliyomaanisha nondo sasa inamaanisha kifusi. Wenye Primavera P6 nao wasicheke. Uhusiano ambao haukuwahi kuwepo Excel hauzaliwi njiani kwa sababu programu ni ghali.

Pingamizi zito ni la mteja: yeye anataka jengo likabidhiwe tarehe fulani. Sawa, iwekwe hiyo peke yake, tuone hesabu inafika wapi. Hapo ndipo hofu ilipo. Hesabu inaweza kusema miezi 17 wakati tumesaini 14, na hakuna anayetaka kuwa wa kwanza kulisema hilo. Tarehe zinahamishwa kwa bidii kwa sababu zinamkinga mtu, wala si kwa uvivu. Na ni kinga mbovu kwa mkandarasi mwenyewe: siku masika au mchoro uliocheleweshwa vitakapomsimamisha, ataomba kuongezewa muda akiwa na ratiba isiyoweza kuonyesha nini kimesukumwa na nini.

Hamisha majina ya kazi na muda wake. Safu za kuanza na kumaliza ziache zilipo. Kisha kaa na foromani, akueleze nini kinasubiri nini. Kazi yenyewe ndiyo hiyo, na haina kitufe.

Mhandisi mshauri naye asijifiche. Kitabu Chekundu cha FIDIC cha 1999, chenye masharti ya mikataba ya ujenzi, kifungu 8.3, kinampa mkandarasi siku 28 za kuwasilisha ratiba, na mshauri siku 21 za kueleza kasoro zake. Aombe faili lenyewe badala ya A3, aongeze siku 10 kwenye msingi, atazame tarehe ya kukabidhi jengo. Isiposogea, alirudishe. Akikaa kimya siku 21 zikapita, mkandarasi anaendelea kwa kufuata picha ile ile, na madai yote ya kuchelewa yatapimwa kwayo.