Tumbo lako lahitaji lala, si vidonge vya TikTok

Siku hizi vijana wa mjini wanatoboka mfuko kununua vidonge vya probiotiki, yaani bakteria wazuri wa tumbo, eti kwa sababu wameviona TikTok. Mbona tuipite lala ya dukani? Maziwa hayo, sawa na mursik ya Wakalenjin, hugandishwa na bakteria pia. Ndio maana hata anayesumbuliwa na maziwa mabichi mara nyingi huweza lala bila tumbo kujaa gesi.

Tena tuache kubugia antibiotiki kila tukishikwa na homa. Haziui virusi vya mafua. Zinafagia bakteria wazuri wanaozuia vijidudu na kuisaidia kinga ya mwili. Unaua bure, kisha unanunua upya. Hiyo ni hesabu gani?